Kota au semesta? Kwa anayejiandaa kwenda kusoma Marekani

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Tanga, alinitumia ujumbe saa nane za usiku kwa saa za huku niliko. "Shikamoo mjomba. Nimepata vyuo viwili, ada zinakaribiana. Kimoja cha semesta, kingine wanasema ni cha kota. Kota tena? Kama zile za reli?"

Nilimwitikia marahaba, nikamwambia hapana, si zile nyumba za reli, nikarudi kulala. Asubuhi nikaona swali lake halijibiki kwa mstari mmoja. Nimesoma mifumo yote miwili: miaka miwili kwenye chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) cha kota huku pwani ya magharibi, kisha nikahamia chuo cha semesta nilikomalizia digrii. Nilichomwandikia yeye nakiweka hapa, kwa kuwa kila mwaka kuna mwingine anauliza hilohilo.

Mwaka mmoja, mikato miwili

Semesta tunaijua. UDSM, Makerere, Nairobi, kote ni mihula miwili mirefu kwa mwaka, mtihani mwishoni mwa kila mmoja. Marekani nako vyuo vingi vinakwenda hivyo: wiki 15 hivi za masomo, halafu mitihani. Muhula wa kwanza unaanza mwishoni mwa Agosti na kuisha katikati ya Desemba, wa pili unaanza Januari na kuisha Mei.

Kota inaukata mwaka vipande vinne kufuata majira yao: vuli, baridi, machipuko na kiangazi. Kila kipande kina wiki 10 za masomo na wiki moja ya mitihani. Mwanafunzi wa kawaida anasoma vipande vitatu na kiangazi anapumzika au anafanya kazi. Anaanza mwishoni mwa Septemba, anamaliza katikati ya Juni.

Piga hesabu: 10 mara 3 ni 30, na 15 mara 2 ni 30. Masomo ni yaleyale. Anayekuambia kwamba kwenye kota watu wanasoma nusunusu hajakaa na kalamu. Kinachobadilika ni mwendo.

Vyuo vya kota vimebaki vichache na vingi viko magharibi. Stanford inatumia kota tangu 1917. Vyuo vya University of California viliingia kota mwaka 1966 na wengi wamo hadi leo, UCLA, San Diego, Davis, Irvine na wenzao, isipokuwa Berkeley iliyorudi semesta mwaka 1983, na Merced. University of Washington na University of Oregon ni kota, pamoja na vyuo vya jamii vya jimbo la Washington ambako Waafrika Mashariki wengi wanaanzia. Nje ya magharibi kuna University of Chicago, ambayo rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, aliifungua mwaka 1892 ikiwa na mihula minne tayari. Wengine wamehama. Ohio State iliingia semesta mwaka 2012. Cal Poly San Luis Obispo imepanga kuhama vuli ya 2026, na Drexel ya Philadelphia mwaka 2027. Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo kwa chuo cha kota, waulize kama wana mpango wa kuhama ukiwa katikati ya digrii, na yuniti zako, yaani pointi unazopata kwa kila kozi, zitahesabiwaje siku hiyo.

Wiki ya nne

Hapa ndipo tofauti inapouma, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilitua siku tatu kabla ya kipindi cha kwanza. Kemia ilikuwa saa nane mchana, na saa nane mchana ya pwani ya magharibi, mwezi huo, ni saa sita usiku Dar es Salaam. Mwili wangu bado ulikuwa Dar. Wiki ya kwanza nzima nilimwona mwalimu midomo inacheza tu. Wiki ya pili nilikuwa natafuta chumba, nafungua akaunti ya benki, najifunza basi lipi linashuka wapi. Wiki ya tatu nikaanza kusoma kwa utaratibu, nikijiambia kama nilivyozoea nyumbani: madesa nitayakusanya, msuli nitapiga mtihani ukikaribia.

Jumatatu ya wiki ya nne, mtihani wa kwanza, asilimia 30 ya alama zote za kozi. Niliingia na kalamu ya wino mfukoni. Wenzangu wote walikuwa na penseli, na mezani kwa kila mmoja kulikuwa na karatasi nyembamba ndefu yenye vijiduara vya kuweka kivuli, kama ile ya darasa la saba. Nikasubiri igawiwe. Haikugawiwa. Karatasi hiyo unajinunulia mwenyewe kwenye duka la chuo, na kila mtu alijua isipokuwa mimi. Binti aliyekaa pembeni yangu alichomoa ya akiba kwenye begi, akanipa na penseli, bila hata kuniangalia usoni. Nilipata 41 kwa 100.

Nyumbani ukipigwa kwenye testi ya kwanza, una miezi ya kujipanga kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Kwenye kota, karatasi iliporudi ilikuwa wiki ya tano, na wiki ya saba ulikuwa mtihani wa pili. Wala huko hakuna sapu. Ukifeli umefeli, unarudia kozi na kuilipia upya. Nilimaliza kemia hiyo na C, na bado nikaona Mungu kanihurumia.

Ningekuwa kwenye semesta, mtihani wa kwanza ungekuja wiki ya tano au ya sita, mwili umeshahamia na chumba kimeshapatikana. Ndiyo maana namwambia kila anayetoka moja kwa moja Form Six kwamba kota haina subira na mgeni. Ukiugua mafua wiki moja, umepoteza sehemu moja kati ya kumi. Semesta ni moja kati ya kumi na tano, na katika zile tano za ziada kuna nafasi ya kupumua, kumfuata mwalimu ofisini, kusoma upya sura uliyoiruka.

Lakini semesta nayo

Nilipohamia semesta nilidhani nimeingia peponi. Septemba yote hakuna mtihani. Oktoba testi moja moja. Nikaanza kuchelewa kulala, nikapata marafiki, nikawa mtu wa mpira wa jioni. Semesta inakubembeleza mpaka unasinzia. Novemba nikakuta nina insha tatu za kurasa kumi na tano kila moja, zote wiki moja, na kitabu cha takwimu nilichokiacha sura ya nne darasa likiwa sura ya kumi na moja. Nilikesha maktaba siku nne. Kota isingeniruhusu kufika pale, ingenikamata mapema.

Halafu kuna suala la kozi iliyokukalia vibaya. Nilikuwa na mwalimu mmoja wa uchumi aliyesoma slaidi zake neno kwa neno, sauti moja, akielekea ukutani. Kwenye kota unamvumilia wiki kumi, mnaagana. Semesta ni miezi minne ya kutazamana. Na muhula ukiharibika kabisa, kwa msiba au kwa uzembe, kota moja ni sehemu moja kati ya 12 za digrii ya miaka minne, wakati semesta moja ni moja kati ya 8. Kidonda cha kota kinaingia haraka, lakini ni kidogo.

Kota pia inampa mtu nafasi ya kuonja. Mwanafunzi wa kota hubeba kozi tatu au nne kwa mara moja, mwenzake wa semesta nne au tano, lakini wa kota anabadilisha mara tatu kwa mwaka. Digrii ni yuniti 180 kwenye kota na 120 kwenye semesta. Kwa kozi za yuniti nne kule na tatu huku, wa kota anamaliza amepita kozi 45, wa semesta 40. Kwa mtu aliyesukumwa PCB (fizikia, kemia, biolojia) na wazazi na moyoni anataka kompyuta, hizo tano ni mlango. Wachumi watatu, Valerie Bostwick, Stefanie Fischer na Matthew Lang, waliwafuatilia wanafunzi wa vyuo vya Marekani vilivyohama kutoka kota kwenda semesta. Walikuta wanaomaliza kwa miaka minne walipungua, alama za mwaka wa kwanza zilishuka, na watu walichelewa kuchagua fani. Kusema kweli nilitegemea kinyume. Kwa hiyo usinielewe kwamba kota ni mbaya. Ninachosema ni kwamba mwezi wa kwanza wa kota ni mbaya kwa mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi.

Yuniti 12 za viza

Hili halizungumzwi sana, na ndilo linaloweza kukurudisha nyumbani. Mwanafunzi wa digrii ya kwanza mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, anatakiwa asome yuniti zisizopungua 12 kila muhula, iwe kota au semesta. Kwenye kota, 12 mara nyingi ni kozi tatu za yuniti nne. Ukiacha moja umebaki na 8. Kwenye semesta, 12 ni kozi nne za yuniti tatu, na ukiacha moja umebaki na 9. Kote umevunja masharti ikiwa hukupata kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla, tena kabla, si baada. Tofauti ni kwamba kwenye kota tarehe ya mwisho ya kuacha kozi inakuja mbio sana. Pengine hata hujarudishiwa karatasi ya mtihani wa kwanza.

Na usidanganyike kwamba 12 zinatosha. 12 kila kota kwa miaka minne ni 144, unahitaji 180. 12 kila semesta ni 96, unahitaji 120. Kote wastani unaotakiwa ni 15. Kima cha chini kinakulinda na uhamiaji, hakikufikishi mahafali.

Ukitaka kuanzia chuo cha jamii

Wengi wetu tunaanzia huko kwa sababu ya ada, miaka miwili, kisha tunahamia chuo kikuu. Hapo kalenda inakuwa jambo zito, kwa sababu yuniti za kota na za semesta si sarafu moja. Yuniti moja ya semesta ni sawa na moja na nusu ya kota. Yuniti zako 90 za kota zinakuwa 60 za semesta, na hapo hujapoteza kitu. Lakini kozi moja ya yuniti nne inageuka kuwa 2.67. Chuo unakohamia kama kinadai tatu kwa kozi hiyo, kile kipande kilichopungua kinaweza kukutesa, na kuna mahali unaambiwa uongeze kozi nzima kwa ajili ya sehemu ya yuniti.

Kibaya zaidi ni kozi za mfululizo. Fizikia ya mwaka mmoja kwenye kota imegawanywa A, B, C. Kwenye semesta ni mbili tu. Ukisoma A na B ukahama kabla ya C, huko unakokwenda huna mbili kamili, bali una moja na kipande. Mimi niliponea chupuchupu kwa sababu mshauri mmoja wa masomo, mama wa makamo, alinikatalia kusaini fomu hadi nimalize C. Nilimnunia wiki nzima. Baadaye nilimpelekea sanduku la chai.

Basi kanuni yangu ni hii: ukianzia kota, maliza mfululizo mahali ulipouanzia. Na ukifeli B, uliza B inafundishwa tena lini. Kwenye vyuo vidogo inaweza kuwa mwaka unaofuata. Kama chuo cha jamii na chuo kikuu unachokilenga viko kwenye kalenda moja, maumivu haya yote hayapo. Kwa mfano, chuo cha jamii cha Seattle kwenda University of Washington, kota kwa kota. Kutoka De Anza kwenda San José State, majirani kabisa, unatoka kota kuingia semesta.

Pesa, likizo, Ramadhani

Ada ya mwaka haibadiliki sana kwa sababu ya kalenda. Inakuja kwa bili mbili kubwa au tatu ndogo. Kwa familia inayochangishana Dar, London na Muscat, bili tatu ndogo zinabebeka kirahisi, ila ni mara tatu za kusumbuana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na ni mara tatu za kuomba dola isipande. Ukichelewa kulipa, chuo kinakufungia usajili wa muhula unaofuata, na kwenye kota muhula unaofuata uko mlangoni siku zote. Vitabu navyo ni raundi tatu badala ya mbili. Azima, kodi, nunua vilivyotumika.

Likizo ya Desemba kwenye semesta ni mwezi na kidogo. Kwenye kota ni wiki tatu hivi, na safari ya kwenda Tanga na kurudi inakula siku nne zake. Juni nako wa kota anatoka mwezi mzima baada ya wa semesta, na kampuni nyingi zinaanza kupokea wanafunzi wa kazi za mafunzo mwishoni mwa Mei. Wenzako wanajua choo kiko wapi, wewe ndiyo unafika. Afueni yake ni kwamba unaweza kukaa kazini hadi katikati ya Septemba wao wamesharudi darasani. Dartmouth wameigeuza kota kuwa faida: mwanafunzi anaweza kuchukua mapumziko yake majira ya baridi, akatafuta kazi wakati washindani wake wote wako darasani.

Kwa Waislamu, Ramadhani ya 2026 imeangukia Februari na Machi, na mitihani ya kota ya baridi ni katikati ya Machi, kumi la mwisho lenyewe. Wa semesta wakati huo wako katikati ya muhula. Tarehe zinasogea kila mwaka, kwa hiyo angalia za miaka yako minne, usiangalie mwaka mmoja.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii ni kuingia. Matokeo ya Form Six Tanzania yanatoka Julai. Chuo cha semesta kinakutaka Agosti, na miadi ya ubalozini haiko mfukoni mwako. Kota inakupa mwezi mzima zaidi. Na vyuo vya jamii vya kota hupokea watu mara kadhaa kwa mwaka, kwa hiyo ukiikosa Septemba unaingia Januari au mwishoni mwa Machi.

Ningekuwa wewe

Kama vyuo viwili vinalingana kwa ada, fani na mji, na hujawahi kusoma nje, nenda semesta. Mwaka wa kwanza utakusamehe. Kama una dada au rafiki palepale atakayekupokea, au umeshasoma kozi za mtandaoni zinazokwenda mbio, au hujajua unataka kusoma nini, kota itakufaa kuliko unavyodhani. Ukichagua kota, fika wiki mbili kabla, sajili yuniti 12 au 13 muhula wa kwanza tu, uchukue somo moja unalolijua tayari, na fungua kitabu siku ya kwanza kama mtu mwenye mtihani kesho. Na penseli ununue Tanga.

Chuo kizuri usikiache kwa sababu ya kalenda. Hilo nililirudia mara mbili kwenye ujumbe.

Kijana alijibu kwa dole gumba. Siku mbili baadaye mama yake alinipigia. Alinisikiliza nikieleza wiki, yuniti, mifululizo ya fizikia, akasema, "Kaka, hayo mtajuana nyie wasomi. Mimi niambie, ada ya kwanza inalipwa lini?"

Nikamwambia cha semesta wanaitaka Agosti, cha kota Septemba.

"Kikoba chetu kinavunjwa tarehe tano Septemba," akasema. "Basi aende hicho cha reli."